Kazi Ipo, Karatasi Hakuna

Alfajiri, mbele ya mageti mengi ya viwanda vya Kibaha, kuanzia Zegereni hadi Kwala, watu husimama makundi makundi. Wapo waliovaa ovaroli zilizochakaa, wapo waliobeba chakula kwenye vihotipoti, wapo waliokuja mikono mitupu. Supavaiza akitoka huangalia nyuso, kisha ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule pale. Waliochaguliwa wanaingia. Waliobaki wanasubiri kidogo, pengine shifti ya mchana itahitaji watu, halafu wanaanza kurejea Mlandizi au Maili Moja.

Mtu anaweza kuingia geti hilo hilo kwa miaka minne, akasimama kwenye mashine ile ile, akamfundisha kazi kila mgeni anayeletwa, na bado kila asubuhi akawa anaanza upya. Hana mkataba wala salari slipu. Jina lake limo kwenye daftari la supavaiza, na daftari si lake. Siku akiambiwa "kesho usije", hana hata karatasi moja ya kumwonyesha mtu kwamba aliwahi kufanya kazi pale.

Manung'uniko ya wafanyakazi wa Mkoa wa Pwani yanafanana na ya wenzao kwingineko nchini: mshahara unaochelewa, ovataimu isiyolipwa, kukatwa pesa kwa bidhaa iliyovunjika, matusi mbele ya wenzao, michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF inayokatwa kila mwezi bila kufika kwenye mfuko. Ukiyafuatilia, mengi hukwama mahali pamoja. Mlalamikaji anaamini kwamba kwa kuwa hana karatasi, hana haki. Mwajiri mbaya anaipenda sana imani hiyo, na si ya kweli. Kwa sheria ya Tanzania, karatasi ni wajibu wa mwajiri. Isipokuwepo, aliyekosea ni yeye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema hivyo waziwazi. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi tangu anapoanza kazi: aina ya kazi, mahali, saa, malipo na namna yanavyokokotolewa. Likizuka shauri na mwajiri akashindwa kuyatoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake. Mfanyakazi akisema walikubaliana Sh9,000 kwa siku na bosi akasema Sh6,000, bosi ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Sheria mwenzake, ile ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka huo huo, inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 61 kinasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa zilizotajwa: anafuata maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anatumia vifaa vya mwingine, anamtegemea mwingine huyo kwa riziki yake, au kwa miezi 3 iliyopita amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Saa 45 ni siku 5 za saa 9. Kijana anayeingia getini siku 20 za mwezi amefikisha mara nne ya kipimo hicho, na daftari la supavaiza haliwezi kumfanya asiwe mwajiriwa.

Inafaa kukaa kidogo hapo, kwa sababu vibarua wengi, au madeiwaka kama wanavyojiita, wanadhani sheria ya kazi iliandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Sheria inatambua mikataba ya namna tatu: usio na kikomo, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Huu wa tatu ulikusudiwa kazi yenye mwisho unaoonekana, kama kumwaga zege la jengo au kuchimba mtaro wa bomba. Kufungasha bidhaa kwenye laini inayozunguka mwaka mzima si kazi ya namna hiyo. Anayeitwa kibarua kwa miaka mingi kwenye laini kama hiyo anafanya kazi ya kudumu kwa malipo na heshima ya kazi ya kupita.

Ujanja mwingine unajulikana kila kona ya Kibaha. Sheria inamnyima aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo mtu anapewa miezi mitatu, "anapumzishwa" wiki mbili, anarudishwa kwa mitatu mingine. Wengine wanaandikishwa kwa wakala, ili mtu akidai chochote kiwanda kimwambie aende kwa wakala, na wakala amwambie aende kiwandani. Lakini Sheria hiyo hiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 36, inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mkataba wa muda usipohuishwa ilhali mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia uhuishwe. Mtu aliyehuishiwa mara sita mfululizo ana hoja ya kuisimamia. Kifungu hicho hicho kinamlinda aliyeandika barua ya kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike. Kusaini "nimeacha kwa hiari yangu" huku HR amesimama kichwani hakufungi mlango.

Saa za kazi nazo zinahitaji hesabu, na hesabu yake inaumiza. Wiki ya kawaida ni saa 45, siku isizidi saa 9, siku za kazi zisizidi 6. Ovataimu ni kwa makubaliano, haitakiwi kupita saa 50 kwa kila wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko na sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Sasa chukua shifti ya saa 12 kwa siku 6, ambayo walinzi na watu wa viwandani wanaijua vizuri. Ondoa saa 1 ya kupumzika kila siku, zinabaki saa 66 kwa wiki. Ziada ni saa 21, yaani 84 kwa wiki 4. Ukomo wa sheria umepitwa kwa saa 34, na mara nyingi kinachoingia mfukoni ni mshahara ule ule wa mwezi.

Kukatwa pesa ndiko kunakozua hasira za papo kwa papo. Boksi limedondoka, vigae vimepasuka, mzigo umepungua stoo, na mwisho wa mwezi watu kumi wanagawana hasara. Sheria hairuhusu kukata kiholela. Mwajiri akitaka kufidiwa hasara, lazima iwe imesababishwa na mfanyakazi huyo kazini kwa kosa lake, amweleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujieleza, wakubaliane kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Kuwakata watu kumi kwa kosa la mmoja asiyejulikana hakumo humo kabisa.

Kuna walimu wa shule binafsi, zilizojaa pande zote za Kibaha, wanaolalamika kwamba Juni na Desemba zikifika mshahara unasimama kwa sababu "watoto wako likizo". Kuna wasichana wa kazi za ndani ambao mshahara wao unatumwa kwa mjomba kijijini. Kuna wanawake wanaoambiwa kwamba nafasi ya kudumu ipo, ila wakutane jioni. Hili, mbali na sheria ya kazi, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mahali pake ni TAKUKURU. Na kuna anayefukuzwa kwa sababu ya ujauzito, jambo ambalo haliwezi kuhalalishwa kwa maelezo yoyote: likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja, yenye malipo.

Kisarawe, wilaya nyingine ya Pwani, ina kumbukumbu yake, na ni chungu kuliko haya yote.

Katikati ya miaka ya 2000, bei ya mafuta ilipopanda na Ulaya ikaanza kutafuta nishati itokanayo na mimea, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilifika wilayani humo kutafuta ardhi ya kupanda mibono. Wenyeji waliufahamu mti huo, ule unaoitwa mbono kaburi, lakini hakuna aliyewahi kuulima kwenye mamia ya ekari. Ardhi iliyotolewa ilizidi hekta 8,000, ikimegwa kutoka vijiji 11, Mhaga na Mtamba vikiwamo. Ili mwekezaji wa nje aipate, ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ndipo apewe haki ya kuitumia. Kampuni ilipewa miaka 99. Wanakijiji waliitoa kwa matumaini ya ajira, visima, zahanati, madarasa na barabara. Ahadi zilitamkwa kwenye mikutano ya hadhara. Hazikuandikwa mahali ambapo mtu angeweza kwenda kuzidai.

Ajira zilikuja, hilo ni kweli. Mamia ya watu waliingia shambani kupanda na kupalilia, na kwa mara ya kwanza kaya nyingi zikawa na mshahara wa mwezi. Kisha mwaka 2011 kampuni ikaishiwa fedha, mradi ukauzwa kwa wawekezaji wengine, na wafanyakazi karibu wote wakaachishwa. Mwaka huo huo gazeti la Observer la Uingereza liliandika habari za watu wa Mhaga waliobaki bila shamba na bila kazi. Walilalamikia hata kuzuiwa kufika kwenye makaburi ya wazee wao na mahali walipozoea kuteka maji.

Ukiipima habari hiyo kwa sheria ya kazi peke yake, utapata jibu linalosikitisha. Kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi kunaruhusiwa, mradi mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na chama cha wafanyakazi au na wenyewe wanaopunguzwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Aliyefanya kazi shambani miaka miwili, basi, anastahili siku 14. Sheria inahesabu siku alizopalilia. Ekari za ukoo alizoziachia ili apate kazi hiyo hazimo kwenye hesabu, kwa maana zilitolewa kwa neno la mdomo na aliyeahidi ameondoka. Kila mwekezaji anayeitisha mkutano kijijini leo, iwe Kisarawe au Kwala, angetakiwa aulizwe ahadi ya ajira imeandikwa kwenye hati ipi, na nani atailipa kampuni ikibadilisha mikono.

Madai ya wafanyakazi kwa waajiri wao yana historia ndefu. Wakati wa ukoloni, manamba na vibarua wa mashamba ya mkonge walifanya kazi kwa kipande, kadi iliyowekewa alama kwa kila siku ya kazi. Alama zikitimia 30 ndipo mtu alipolipwa. Ulikuwa mfumo wa kikatili, maana siku isiyotiwa alama ilipotea bure, lakini hata katika ukatili ule siku za mtu zilikuwa zimehesabiwa mahali. Baada ya uhuru, mwaka 1971, TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau na kuonea watu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walikishika kifungu hicho wakaingia nacho viwandani. Wakagoma kwa sababu ya meneja anayetukana, wakawafungia nje mabosi. Na mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wakachukua uendeshaji na kuendelea kuzalisha wenyewe. Profesa Issa Shivji ameandika kwa kirefu juu ya kipindi hicho. Linalovutia ni kwamba migomo mingi haikuanza kwa mshahara. Ilianza kwa heshima.

Heshima bado ndiyo inayotajwa kwanza. Msikilize mfanyakazi aliyetoka kufukuzwa: kabla hajafika kwenye pesa atakuambia alivyofukuzwa, kwamba alizuiwa getini mbele ya wenzake, au alipigiwa simu usiku, au aliambiwa na mlinzi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka kitu kingine kabisa. Anayetuhumiwa apewe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao, aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, asikilizwe, kisha apewe uamuzi wenye sababu. Mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kumwachisha mtu na bado akashindwa shauri kwa kuruka hatua hizo. Mameneja wengi wanaona huo ni urasimu wa kuwachelewesha. Kwa mwenye watoto wanne wanaomtegemea, ni nafasi pekee ya kusema upande wake.

Shauri lenyewe hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyoanza kazi mwaka 2007 na ambayo kwa Mkoa wa Pwani ina ofisi mjini Kibaha. Mlalamikaji anajaza fomu namba 1, anampelekea mwajiri nakala, na pande mbili huitwa kwanza kwenye usuluhishi. Wasipoelewana ndani ya siku 30, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Anayepinga uamuzi ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mfanyakazi anaweza kwenda mwenyewe, au na kiongozi wa chama chake, TUICO kwa watu wa viwandani, TPAWU kwa mashambani, CHODAWU kwa mahotelini na majumbani.

Hatari iko kwenye kalenda. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu tangu alipoachishwa. Madai mengine, kama mishahara ya nyuma, yana siku 60. Na siku 30 zinayeyuka upesi. Wiki ya kwanza mtu anatumaini bosi atapoa. Ya pili anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana mamlaka juu ya jambo hilo. Ya tatu anatafuta kibarua kingine ili watoto wale. Ya nne anasikia habari za CMA kwa rafiki. Akichelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2, lakini itambidi aeleze sababu ya kila siku iliyopita, na si kila sababu hukubaliwa.

Kwa mtu wa Kisarawe kuna safari pia. Wilaya yake na Kibaha zimo katika mkoa mmoja, lakini kutoka Kisarawe mjini njia iliyozoeleka ni kushukia Pugu na Gongo la Mboto, kuingia Dar es Salaam, kisha kupanda tena barabara ya Morogoro. Wa Maneromango au Mzenga anaweza kukata kwenda Mlandizi, usafiri ukiwepo. Usuluhishi ukiahirishwa mara mbili tatu, nauli ya mtu asiye na kazi inakuwa imekwisha. Haitoshi kusema Tume ipo. Ingefaa siku fulani za mwezi wasuluhishi wakae Kisarawe, kwenye ukumbi wowote wa halmashauri, na mwajiri ndiye asafiri.

Wapo waajiri wanaotenda haki, na wana malalamiko yao pia: malipo ya wateja yanayochelewa, umeme, wafanyakazi wanaotoweka baada ya kulipwa. Chama cha Waajiri, ATE, kimekuwa kikitoa tuzo ya Mwajiri Bora tangu mwaka 2005, na miongoni mwa wanachama wake wapo wanaolipa michango kwa wakati na kutoa mikataba bila kukumbushwa. Hao ndio wanaopunjwa zaidi na mwenye kiwanda cha jirani anayezalisha kwa bei ndogo kwa kuwa halipi ovataimu.

Mishahara imepanda kwenye karatasi. Kima cha chini cha sekta binafsi kilichowekwa mwaka 2013 kilikaa hadi mwisho wa 2022. Kuanzia Januari 2023 mtu wa kiwandani akawekewa Sh150,000 kwa mwezi na wa shambani Sh140,000; ile ya kiwandani, ukiigawa kwa siku 26, ni kama Sh5,770 kwa siku. Oktoba 2025 aliyekuwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, Ridhiwani Kikwete, alitangaza amri mpya inayoanza Januari 2026, ikipandisha wastani kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Amri hizi hazitaji mwezi peke yake. Zinataja kiwango cha saa, cha siku na cha wiki, kwa hiyo deiwaka naye yumo. Mwajiri hawezi kusema kiwango kipya ni cha wale wenye mkataba.

Nani ataangalia? Sheria inampa afisa kazi uwezo wa kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, kukagua vitabu, kuwahoji watu na kutoa amri ya utekelezaji. Uwezo huo hauna maana kama gari la ukaguzi linakuja mara moja kwa mwaka na kupokelewa ofisini kwa meneja. Kongano la viwanda la Kwala limepangwa kuwa na viwanda zaidi ya 200. Kila kimoja kitakapoanza kazi, kitu cha kwanza cha kuulizwa kwenye ukaguzi kinapaswa kuwa rejista ya vibarua walioingia mwezi huo, na cha pili nakala ya maandishi ya kifungu cha 15 ambayo kila aliyeorodheshwa humo amekabidhiwa, ikiwa na saini yake.